Kabla ya Turubai Kulikuwa na Barua

    

Leo tunaanza na kitu kilicho juu ya kichwa chako. Tazama turubai. Zile herufi za buluu, UNHCR, au HCR kama wengi wetu tunavyosema, tumezizoea kama alama ya anayetoa. Tukikosa tunamuuliza yeye, tukipata tunamshukuru yeye. Lakini kuna wakati HCR haikuwa na cha kutoa. Ilikuwa na ofisi, meza na makaratasi, na mkubwa wake alilazimika kuomba, kama vile kikundi cha ushonaji cha hapa kambini kinavyoomba cherehani.

Somo letu ni kazi hiyo ya kuomba: kutafuta fedha kwenye mifuko ya hisani na kwenye makampuni, kwa niaba ya shirika au jamii. Ni kazi ya kusomewa, ina mshahara, na historia yake imepita miaka 100. Nimeichagua kwa sababu mgao unapungua, na hilo hakuna haja mimi niwaeleze. Vikundi vingi kambini vinauliza swali moja: wafadhili wanapatikana wapi, na wanataka nini? Tuwaulize waliotutangulia.

SEHEMU YA KWANZA: TAJIRI ALIYEZIDIWA NA BARUA

Twende Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. John D. Rockefeller alikuwa ametajirika kwa biashara ya mafuta. Alikuwa na desturi ya kutoa sadaka tangu ujana wake, na kadiri jina lake lilivyosikika, ndivyo barua zilivyomjia kwa maelfu. Waliandika wachungaji, vyuo, hospitali, watu wenye shida kweli, na matapeli pia. Mtu mmoja asingeweza kuzisoma, sembuse kujua ipi ni ya kweli.

Mwaka 1891 akamwajiri mchungaji wa Kibaptisti, Frederick T. Gates, azisome, achunguze na kushauri. Gates alifaa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka upande wa waombaji. Mwaka 1889 Rockefeller aliahidi dola 600,000 ili chuo kikuu kianzishwe Chicago, akaweka sharti: watu wengine watoe dola 400,000, na zipatikane kabla ya Juni 1890. Gates na mwenzake Thomas Goodspeed walizunguka mlango kwa mlango, kanisa kwa kanisa, mpaka zikatimia. Ndipo chuo kikuu cha Chicago kikapata kusimama.

Lishike sharti hilo, msikilizaji, tutalikuta tena. Tajiri hakusema "sitoi". Alisema "nitatoa, lakini nionyesheni kwamba wengine nao wanakitaka chuo hiki".

Kutokana na mzigo huo wa barua ikazaliwa taasisi mpya, mfuko wa hisani. Tajiri anatenga sehemu ya mali yake, anaiweka chini ya bodi, anaandika malengo yake, na faida ya mali ile inatumika mwaka hadi mwaka, hata baada ya yeye kufa. Carnegie Corporation ilianzishwa mwaka 1911, Rockefeller Foundation mwaka 1913. Mikono yake ilifika hata kwetu. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation ilianzisha kituo cha kuchunguza homa ya manjano pale Entebbe, Uganda. Kituo hicho bado kipo, ni taasisi ya utafiti wa virusi, na ndicho kilichotambua virusi vya Zika mwaka 1947.

Sasa fikiri. Tajiri alipoajiri watu wa kusoma maombi, upande wa pili wa meza ulihitaji watu wanaojua kuyaandika. Ndivyo kazi hii ilivyopata nguvu.

SEHEMU YA PILI: MAYAI SITA

Lakini si lazima uanzie kwa Rockefeller ili kuomba vizuri. Sikia habari za Booker T. Washington. Alizaliwa mtumwa mwaka 1856. Baada ya utumwa kufutwa alisoma kwa shida, na mwaka 1881 akatumwa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, afungue shule ya watu weusi. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, lakini za mishahara tu. Ardhi hapana, majengo hapana. Walianza na wanafunzi 30 katika kibanda kibovu na kanisa.

Akapata shamba la kununua kwa dola 500, akakopa nusu ya kutanguliza. Deni lingelipwaje? Mwalimu mwenzake, Olivia Davidson, hakuanza kwa kuandikia matajiri. Alianza kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Akina mama wakatoa keki, kuku na mikate, vikauzwa. Siku moja akaja bibi mzee wa miaka 70 hivi, nguo zimechakaa, anatembea kwa mkongojo. Maisha yake mengi yalikuwa ya utumwa. Alileta mayai sita, akaomba yaingizwe katika elimu ya wavulana na wasichana wale. Washington alikuja kusimulia kwamba katika zawadi zote alizopokea, hakumbuki iliyomgusa kuliko ile.

Baadaye Davidson alisafiri kaskazini, kwenye miji ya wenye fedha, kuomba. Kazi ilikuwa nzito. Huko Boston alikwenda nyumbani kwa mama mmoja, na yule mama alipochelewa kidogo kutoka, alimkuta mgeni wake amelala kwenye kiti kwa uchovu. Nawaambia hili ninyi dada zangu mnaotembea bloku kwa bloku na daftari la kikundi: katika historia ya kazi hii, wanawake wapo tangu mwanzo.

Shule ilihitaji majengo, wanafunzi wakaanza kufyatua matofali. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu pia. Washington akaweka rehani saa yake kwa dola 15 ili wachome mara ya nne. Safari hiyo yakaiva, na baada ya miaka shule ikawa inauza matofali kwa majirani, weupe kwa weusi.

Matofali hayo yana uhusiano gani na wafadhili? Sikiliza. Mwaka 1900 Washington alimwandikia Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, kuomba maktaba. Carnegie alikuwa amemkuta mara ya kwanza miaka kama kumi kabla, na hakuonekana kuvutiwa. Barua ile ilikuwa fupi. Ilitaja shule ina wanafunzi 1,100, ina vitabu zaidi ya 12,000 lakini haina mahali pa kuvisomea, jengo litagharimu dola 20,000 hivi, na matofali, uashi na useremala vyote vitafanywa na wanafunzi wenyewe, ambao kwa njia hiyo watajifunza ufundi. Carnegie akatoa dola 20,000. Mwaka 1903 akatoa 600,000.

Mwingine, Collis P. Huntington wa reli, mara ya kwanza alitoa dola 2. Mara ya mwisho, miezi michache kabla ya kufa, alitoa dola 50,000. Katikati ya dola 2 na dola 50,000 kulikuwa na miaka ya kumpelekea habari, kumwonyesha kazi na kumwekea hesabu wazi.

Kisha akaja Julius Rosenwald, mkuu wa Sears, Roebuck, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa posta. Kuanzia mwaka 1912, yeye na Washington walianza kujenga shule ndogo za vijijini kwa watoto weusi. Sharti lilikuwa lile lile: jamii itoe kwanza. Watu wakatoa ardhi, mbao, nguvu na senti zao. Ilipofika 1932 zilikuwa shule karibu 5,000. Ukipiga hesabu, mfuko wa Rosenwald ulitoa kama dola milioni 4.3, na watu weusi wenyewe, wengi wao wakulima maskini, walitoa kama dola milioni 4.7. Maskini walimzidi tajiri. Na michango hiyo miwili ilisaidia kuibana serikali nayo itoe fedha za kodi, ambazo zilikuwa nyingi kuliko zote.

Jambo hilo halina utamu mtupu. Watu wale walikuwa wanalipa kodi tayari, na shule ilikuwa haki yao. Kuambiwa uchange ili upate haki yako ni uonevu. Walijua hivyo, wakachanga, na hawakuacha kudai.

SEHEMU YA TATU: HCR INAOMBA

Sasa turudi kwenye turubai. HCR iliundwa Desemba 1950, ikaanza kazi Januari 1951. Ilipewa miaka mitatu tu, kana kwamba ukimbizi ungekwisha ndani yake. Bajeti ya mwaka wa kwanza ilikuwa dola 300,000, za kuendesha ofisi. Tena sheria yake ilimkataza Kamishna Mkuu kuomba fedha kwa serikali au kutoa wito kwa watu wote bila kibali cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Kamishna wa kwanza aliitwa Gerrit Jan van Heuven Goedhart, Mholanzi, mwandishi wa habari. Wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake alihariri gazeti la siri, na mwaka 1944 alikimbilia London. Kwa hiyo naye aliijua njia ya mtu anayekimbia. Mbele yake kulikuwa na maelfu ya watu waliobaki makambini Ujerumani, Austria, Italia na Ugiriki tangu vita viishe. Watoto walikuwa wanazaliwa na kukua humo. Alisema wazi kwamba bila fedha ofisi yake ingekuwa ya kusimamia mateso tu.

Mwaka 1952 Baraza Kuu lilimpa ruhusa ya kuomba dola milioni 3 za dharura. Serikali zikatoa kwa shingo upande. Ndipo mlango mwingine ukafunguka, na haukuwa wa serikali. Ford Foundation, mfuko wa familia ya Ford wa magari, ulioanzishwa mwaka 1936, ulikuwa umekuwa tajiri kupita mifuko yote. Mwaka huo huo ukatoa dola milioni 2.9. Linganisha na ile bajeti ya ofisi, dola 300,000.

Angalia fedha ile iliombwa kwa ajili gani, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Watu walikuwa na njaa na baridi. Lakini fedha za Ford hazikuwa za chakula wala blanketi. Zilikuwa za majaribio ya kumtoa mtu kambini: mafunzo ya ufundi, mikopo midogo ya biashara, nyumba, vituo vya vijana na jamii. HCR haikufanya yenyewe, iliyapa mashirika ya hiari. Mojawapo lilikuwa Lutheran World Federation, lile lile lililokuja kuanzisha TCRS huko Tanganyika mwaka 1964, jina ambalo wenzetu wa Kigoma wanalijua vizuri.

Majaribio yale yalionyesha kwamba mkimbizi akipewa nyenzo anasimama. Kwa ushahidi huo mkononi, HCR ilirudi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1954 Baraza Kuu likakubali mfuko wa dola milioni 16 kwa miaka minne. Fedha ya taasisi moja ilitangulia, fedha ya serikali ikafuata. Na HCR ilipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1954, fedha za tuzo zilitumika kuifunga kambi iliyokuwa kisiwa cha Tinos, Ugiriki.

Tusijidanganye, msikilizaji. Mpango ule ulikuwa wa Ulaya. Na mfuko wa hisani hauwezi kuchukua nafasi ya serikali. Hakuna Ford atakayeulisha umma wote wa kambi mwaka mzima. Anachoweza ni kulipia jaribio, na jaribio likifaulu linakuwa hoja mikononi mwetu.

SEHEMU YA NNE: NA MAKAMPUNI?

Kampuni ni tofauti na mfuko. Mwenye kampuni si mmoja, kuna wanahisa, na fedha ni zao. Huko New Jersey, Marekani, kampuni ya A. P. Smith, iliyotengeneza vali na mabomba ya zima moto, ilitoa dola 1,500 kwa chuo kikuu cha Princeton mwaka 1951. Baadhi ya wanahisa wakalalamika: fedha zetu, kwa nini mgawe bure? Kesi ikafika mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1953 ikaamuliwa kwamba kampuni inaruhusiwa kutoa, kwa kuwa kampuni nayo inanufaika jamii ikiwa na vyuo vizuri na watu waliosoma.

Kwa hiyo ukienda kwa kampuni, swali la kwanza kichwani mwao ni: sisi tunahusikaje? Kumbuka ile taa ya jua. Kuanzia mwaka 2014 IKEA, kampuni ya samani, ilikuwa na kampeni: kila balbu iliyouzwa madukani mwake, IKEA Foundation ilitoa yuro moja kwa HCR kwa ajili ya taa na umeme wa jua makambini. Kampuni ilipata wateja na jina jema, makambini wakapata mwanga. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na mtu aliyeziona sababu hizo mbili na kuziunganisha ndiye mwenye kazi hii.

SEHEMU YA TANO: KAZI YENYEWE

Anayefanya kazi hii anaamka afanye nini? Anasoma malengo ya mifuko, ajue nani anafadhili elimu na nani anafadhili maji, asipoteze muda kuomba maji kwa mtu wa elimu. Anakwenda kwa wenye mradi, anasikiliza, anahesabu. Anaandika andiko la mradi: shida ni ipi, tutafanya nini, nani atafanya, itagharimu kiasi gani, tutajuaje kwamba imefaulu. Fedha ikija anaandika ripoti, hata pale mambo yalipokwenda vibaya. Wengi huvunjika moyo hapo, kwa sababu majibu mengi ni "hapana", na mengine ni kimya.

Kazi hii ina miiko yake pia. Marekani, makampuni ya washauri wa kutafuta fedha yaliungana mwaka 1935, na mwaka 1960 wafanyakazi wenyewe wakaunda chama chao. Mwiko mmoja mkubwa ni huu: mtafuta fedha halipwi asilimia ya fedha anazoleta. Analipwa mshahara au ada iliyopangwa. Sababu yake ni kwamba mwenye asilimia atashawishika kuongeza chumvi ili apate zaidi. Kwa hiyo mtu akija kwenye kikundi chenu akasema "nipeni asilimia kumi, nina mfadhili Ulaya", au akataka ada ya kufungua faili kwanza, mrudisheni alikotoka.

Mwiko wa pili unatuhusu zaidi. Usimuuze mtu ili upate fedha zake. Picha ya mtoto wa mwenzako analia, jina la mama aliyebakwa, historia ya mzee aliyepoteza watoto, hivyo si mali ya mwandishi wa andiko. Uliza kwanza, na akikataa, acha. Washington aliandika idadi ya wanafunzi na bei ya jengo, akajengewa maktaba bila kumtoa mtu machozi hadharani.

Je, mkimbizi anaweza kuifanya kazi hii? Sheria zinatofautiana. Uganda ina sheria ya wakimbizi ya 2006, Kenya ina ya 2021, na kuna nchi ambako bado mkimbizi hatakiwi kufanya kazi zaidi ya ile ya posho ya insentivu. Lakini mfano upo. Mwaka 2007, Kampala, vijana wakimbizi kutoka Kongo walianzisha kundi lao, YARID. Walianza na mpira wa miguu na masomo ya Kiingereza, kwa kile walichokuwa nacho. Miaka 15 baadaye, mwaka 2022, muungano wa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi, YARID likiwa mojawapo, ulishinda tuzo ya dola milioni 10, ili nao wayafadhili mashirika mengine ya wakimbizi. Hao ni watu wanaosema Kiswahili kama mimi na wewe, na leo wanakaa upande wa meza unaosoma maombi.

Kwa hiyo kijana uliyemaliza sekondari na unakaa kwenye kibaraza bila kazi, anza na daftari. Chukua kikundi kimoja hapa bloku kwenu. Andika kina watu wangapi, kimefanya nini tangu kianze, kila mmoja amechanga nini, fedha imeingia kiasi gani na imetoka kwenda wapi. Jifunze kupiga hesabu hiyo kabla ya kujifunza maneno makubwa ya Kiingereza. Siku nafasi ikija, utakuwa na kitu cha kutuma, na hutakihitaji kukibuni.

Nanyi wenyeviti na wahasibu wa vikundi, fungueni vitabu vyenu kwa wanachama wenu kwanza. Mfadhili wa kwanza ni yule mama aliyetoa shilingi 500 Jumapili iliyopita. Akiuliza fedha yake iko wapi, mjibuni kama ambavyo mngemjibu Ford.

Wiki ijayo tutasoma hewani majibu yenu. Swali ni hili: kikundi chenu kilianza na nini, kabla mtu yeyote wa nje hajatoa kitu? Andika kwenye kipande cha karatasi, tumbukiza katika sanduku la maoni, au mpe mtangazaji aliye karibu nawe.  Ukimaliza karatasi hii, mpe jirani.